Safari ya Kufuata Jina

Wathahine aliwaambia watu wote wa nyumba ndefu ya ukoo wao kwamba anakwenda kufuata jina, si mtu. Aliwaambia asubuhi wakati wa uji, akawaambia tena mchana wakichota maji, na jioni, ambapo hakuna aliyemuuliza, akawaambia mara ya tatu.

"Mtu akitaka kwenda zake, aende. Miguu ni yake. Lakini jina ni la nyumba hii. Hatuwezi kukaa hapa na mtoto mchanga anaitwa 'wewe' na 'haka', na huku jina letu linazurura kwa Wafaransa."

Mdogo wake, Teyoswathe, ndiye aliyekuwa bibi wa huyo mtoto mchanga. Alikuwa anapeta mahindi na hakuinua kichwa.

"Dada, tuna majina manne yamekaa bure. Chagua lolote."

"Nataka lile."

"Na unajua mtu akirudisha jina kwa utaratibu, anarudisha na nini?"

"Usinifundishe kazi yangu, Teyoswathe. Majina ya ukoo wa Dubu nayatunza mimi tangu wewe unachezea matope."

"Sikufundishi. Nauliza tu kama kweli unafuata jina."

Wathahine akanuna siku mbili nzima, na siku ya tatu akamwamuru kaka yake, Tehoronyate, atoe mtumbwi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Sherehe ya mahindi mabichi ndiyo siku ambayo majina ya watoto hutangazwa, na hapakuwa na muda wa kuchezea. Mtoto asipopata jina siku hiyo, atangoja hadi katikati ya baridi, na watoto wangapi wasio na jina wameona katikati ya baridi?

Jina lenyewe lilikuwa Kawennase. Lilikuwa la binti yake wa kumzaa, ambaye ndui ilimchukua akiwa na miaka kumi. Mwaka uliofuata wapiganaji walirudi kutoka nchi ya Wahuroni na mateka, na kati yao alikuwamo msichana mwembamba, macho makavu, rika lile lile la marehemu. Wathahine alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alimpeleka mtoni akamwosha, akamfunga uzi wa shanga mkononi mbele ya wanawake wote, na kuanzia hapo Kawennase alikuwa hai tena. Watu wake hawasemi hivyo kwa kujiliwaza. Msichana yule alipewa kitanda cha Kawennase, nafasi yake kwenye moto, na mama yake.

Walikaa hivyo miaka kumi na minane. Waligombana kuhusu kuni, walicheka hadi wakashika mbavu, walilima bega kwa bega. Halafu Joho Jeusi mmoja, kama walivyowaita mapadri wa Kifaransa, akapita kijijini, akasimama mlangoni akaimba sala. Kawennase akaangusha mchi. Ilikuwa sala ileile ambayo mama yake wa kwanza, yule wa Uhuroni, alikuwa akimwimbia kabla ya vita. Basi, mambo yakaishia hapo. Alibatizwa majira ya baridi, na barafu ilipoachia mto akapanda mtumbwi na wenzake wakaenda kijiji cha sala, kule kwenye maporomoko, siku kumi na mbili kutoka nyumbani. Aliaga huku analia na mama yake amempa mgongo. Aliacha hata kijiko chake.

Kijiko hicho Wathahine alikifunga ndani ya mzigo wake, katikati kabisa. Kila mtu kwao ana kijiko chake cha mti, huenda nacho kila karamu. Hiki alikichonga Tehoronyate mwenyewe, na dubu mdogo ameketi kwenye mpini.

"Hicho nacho ni jina?" Tehoronyate aliuliza walipokuwa wanapakia.

"Piga kasia."

"Hatujaingia hata majini, dada."

"Basi ingia majini, halafu upige kasia!"

Walifika siku ya kumi na tatu, na Wathahine alikuwa ameyapanga maneno yake yote njiani, neno kwa neno, amechoka kumtumia kaka yake kama msikilizaji. Hakukuta mtu wa kumwambia. Nyumba ndefu zilikuwa zimejipanga kama nyumba za kwao, mbwa walikuwa mbwa wale wale, lakini mioto ilikuwa inawaka bila mtu. Kumbe ilikuwa Jumapili. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, kinaimba. Wathahine alikaa juu ya gogo, jua likamchoma, nzi wakamsumbua, na uimbaji ukaendelea hadi akadhani wamesahau njia ya kutokea.

"Labda wimbo wao hauna mwisho," alisema Tehoronyate.

"Kaa kimya."

Mwishowe walitoka. Wa kwanza kumfikia alikuwa mwanamke mzee mfupi mwenye rozari shingoni na sauti ya kuamrisha. Aliitwa Wari, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa sala. "Karibu, mgeni," alisema. Na wengine wote wakafuata, karibu mgeni, karibu mgeni, kama inavyotakiwa.

Wathahine akapaza sauti juu ya vichwa vyao: "Kawennase!"

"Abee, mama!"

Ilitoka upesi, kama inavyotoka kwa mtu aliyeitwa maisha yake yote. Binti akaja mbio, shela ikamdondoka, akasimama hatua mbili mbele yake maana hakujua kama atapokewa au atafukuzwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Hilo nalo lilimuudhi Wathahine.

"Sikuja kwa ajili yako," alimwambia. Akafungua mzigo, akatoa kijiko, akamtupia. "Ulisahau hiki. Siku hizi unakula kwa mikono?"

"Nimeazima cha Wari, mama."

"Ameazima! Mtoto wa ukoo wa Dubu anaazima kijiko!"

Kawennase akakigeuza kijiko, akampapasa dubu kichwani kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni kila kabla ya kula. Jioni hiyo alikula nacho, uji wa mahindi na samaki, na Wathahine alimtazama anavyokula hadi uji wake yeye ukapoa. Hakuzungumzia jina. Alijiambia mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya uchovu.

Kesho yake alianza kazi.

"Nimekuja kuchukua jina," alisema. "Kuna mtoto nyumbani, mjukuu wa Teyoswathe, damu yetu. Wewe sasa una jina lingine."

Jina hilo lingine lilikuwa Margarita. Lakini watu wale tangu wazaliwe hawajawahi kufumba midomo ili kutamka neno, lugha yao haina 'm', kwa hiyo hata wale wacha Mungu zaidi waliishia kusema Wakarita. Wathahine alikuwa amelisikia mara ishirini tangu jana na alikuwa ameapa kwamba halitapita kinywani mwake.

Kawennase aliingiza mkono ndani ya shati na kutoa uzi wa shanga, ule ule, umechakaa kwa jasho. "Nimelitunza, mama. Sijalitupa. Kwani siwezi kuwa na yote mawili? Jina halinizuii kusali."

"Jina lina nyumba yake. Haliishi ugenini."

"Niache nalo, mama."

"Rudi nyumbani, ubaki nalo."

Hapo ndipo yalipokuwa mambo yote, mbele yao, na kila mmoja aliyaona. Kawennase aliinamisha kichwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane na akaanza kung'ata ncha ya shela kama mtoto.

"Siwezi," alisema. "Huku ndiko ninakomsikia yule mwingine. Akili yangu imeshamsahau sura, mama. Nimebakiwa na sauti tu. Nikisali, naisikia."

Miaka kumi na minane, alifikiri Wathahine. Nimempa chakula miaka kumi na minane, nimekesha naye alipougua, nimemfundisha kila neno la utaratibu wetu, na ananishindanisha na mwanamke aliyemlea miaka kumi tu na ambaye hana hata sura! Hasira zilimpanda hadi akaona giza. Angeweza kusema jambo jema wakati ule. Alisema hivi:

"Basi lilete. Na ulilete kwa utaratibu wote, mbele ya wanawake, mwanzo hadi mwisho. Usinirushie kama mfupa wa mbwa. Sitaki wanawake wa nyumbani waje kusema niliiba."

"Utaratibu wote, mama?"

"Nimekufundisha au sikukufundisha?"

"Umenifundisha."

"Basi."

Lakini kijijini pale mtu hakuweza kufanya utaratibu wowote bila kumwona Padri. Padri alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu, jino bovu lililomfanya ashike shavu. Lugha alikuwa anaijua, ila aliipanga ovyo. Alimkaribisha Wathahine kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia sawasawa.

"Mama mzee, mimi kufurahi sana wewe kufika. Jina hilo si kitu. Mbele ya Mungu yeye ni Margarita."

"Kama si kitu, nipe niondoke nalo."

"Kuondoka nalo, ondoka. Lakini sherehe, hapana. Nyinyi kusema marehemu anarudi ndani ya mtu. Hiyo uongo wa shetani."

"Sasa nitaondoka nalo vipi bila sherehe? Nilitie kwenye kikapu?"

Padri akafikiri, ameshika shavu. "Kwanza wewe kusikiliza mafundisho. Siku tatu. Halafu sisi kuongea."

Wathahine alisikiliza siku tatu. Mtu aliyemjua asingeamini. Alikaa kwenye benchi gumu kama jiwe, na Padri aliongea tangu asubuhi hadi mchana. Alionyesha picha za watu wanaoungua, akaonyesha picha za watu wenye mabawa, na katika maneno yote hayo hakuweka uzi hata mmoja. Hilo lilimkata maini kuliko moto wa kwenye picha. Mtu mwenye neno zito huweka uzi wa shanga mbele ya msikilizaji wake. Bila uzi, hayo ni maongezi ya kupitisha muda. Mtu mzima anakwambia habari za kifo na uzima na uumbaji wa dunia, na anakwambia bure bure!

Siku ya tatu aliamua kumfundisha adabu kwa vitendo. Alikuwa amekuja na nyuzi tatu nyeupe, za sherehe. Alisimama, akaweka wa kwanza mezani, akasema: "Kwa uzi huu nauliza, nani aliwaandalia chakula wale wanaoungua, na kwa nini mama zao hawakuitwa kwenye baraza?" Akaweka wa pili: "Kwa uzi huu nauliza, binti yangu aliyekufa kwa ndui yuko wapi kwenye picha?" Akaweka wa tatu: "Kwa uzi huu nakuomba ruhusa, nichukue kilicho changu niende."

Kisha alikaa. Jibu lake lingekuja na nyuzi zile zile zikirudishwa, moja moja, kila moja na neno lake.

Padri macho yakamlenga machozi. Alizikusanya zile nyuzi kwa mikono miwili, akazibusu, akageuka, akazivika shingoni kwa sanamu ya Bikira Maria.

"Zawadi nzuri!" alisema. "Mama wa Mungu kukubali. Mimi kukushukuru sana."

Wathahine alisimama. Alitazama nyuzi zake zinavyoning'inia. Alitoka nje, akatembea hadi mtoni, akaokota mawe makubwa na kuyatupa majini moja baada ya jingine. Tehoronyate, aliyekuwa anaziba mtumbwi kwa utomvu, alihesabu kimya kimya na hakuthubutu kuuliza kabla ya jiwe la kumi.

"Amekataa?"

"Angekataa ningemwelewa! Amenishukuru!"

"Kwa nini?"

"Nyuzi zangu amemvika mdoli!"

Tehoronyate aligeuza uso upande wa mtumbwi, mabega yakamtikisika. Alipoona jiwe la kumi na moja linamwelekea yeye, aliacha kucheka.

Aliyemtoa kwenye shida hiyo alikuwa Wari. Alimkuta mtoni amekaa, amekunja uso, akakaa kando yake, akavua rozari kwa sababu ya joto na kujipepea.

"Mgeni, nimesikia. Na mimi zamani nilikuwa natunza majina kwetu Oneida. Najua ukubwa wa jambo."

"Na ukaacha?"

"Nimezika watoto saba. Nilitaka mahali ambapo mtu ameshaniambia wako wapi, hata kama haniwekei shanga." Alisema hivyo bila ukali. "Tuyaache hayo. Padri ana mamlaka kanisani, ana mamlaka kwenye njia za kijiji. Lakini shamba ni la nani?"

"La wanawake."

"Basi. Kesho tunapalilia. Hata siku moja hajakanyaga shambani, tumemwambia ni mwiko, akaandika kwenye karatasi yake. Adhuhuri tukipumzika, fanyeni mambo yenu. Na nyuzi? Mimi ndiye ninayefagia kanisa. Nitaziazima kwa Mama wa Mungu kwa muda wa chakula cha mchana. Ni mwanamke, ataelewa. Jua likishuka ziwe shingoni kwake."

"Na binti ataadhibiwa?"

"Ataungama Jumamosi. Sote tutaungama Jumamosi. Padri atapata kazi."

Wathahine karibu acheke. Kisha Wari alimwangalia vizuri, kwa jicho la mtu wa kazi ile ile, akamuuliza polepole: "Utaratibu wote, lakini? Mwanzo hadi mwisho? Unaweza kuuacha nusu, mgeni. Nani atajua?"

Ni swali lile lile la Teyoswathe, na Wathahine alikuwa amechoshwa na watu wanaomuuliza swali hilo. "Mimi nitajua," alijibu.

Kesho yake walikuwa wanawake ishirini na mmoja shambani, wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Wathahine alilima nao, kwa sababu hakuna mwanamke mwenye heshima anayesimama kando ya shamba akitazama wenzake. Alijikuta mstari mmoja na Kawennase. Walipandishia udongo mashina ya mahindi, wakaelekeza maharage yapande, wakakwepa maboga, bila kusema neno, na mikono yao ilijua zamu bila kuelekezana. Palipokuwa na mzizi mgumu mmoja alipiga, mwingine akavuta. Mara mbili Wathahine alitaka kusema, basi, acha. Mara mbili alilitazama kanisa lililochomoza juu ya mti wa mwisho wa shamba, na hasira ikarudi mahali pake.

Adhuhuri walikaa kivulini kwenye ukingo wa msitu. Wari alitoa nyuzi tatu kutoka kwenye kitambaa, akampa Kawennase. Wanawake wakanyamaza. Wengi wao walikuwa wamebatizwa miaka mingi, lakini walikaa wima, miguu imekunjwa, kama walivyolelewa.

Neno la utaratibu likishaanza halikatizwi. Anayelikatiza analiharibu, na jina linabaki limeharibika vizazi. Wathahine mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, na alikuwa amemchapa vidole kwa kijiti alipokosea.

Kawennase alisimama. Hakukosea.

Aliinua uzi wa kwanza. "Kwa uzi huu nakufuta machozi, uone vizuri." Sauti yake ilikuwa tulivu. Akaweka uzi mikononi mwa Wathahine. "Kwa uzi huu nazibua masikio yako, usikie vizuri." Akauweka. "Kwa uzi huu nalainisha koo lako, upumue na kusema vizuri." Akauweka. Kila kituo cha pumzi kilikuwa mahali pake. Wathahine alijisikia fahari, hakuweza kujizuia: hakuna msichana nyumbani aliyejua namna hii, hakuna hata mmoja, na huyu nimemfundisha mimi.

Kisha Kawennase alivua uzi uliochakaa.

"Hili ni jina Kawennase, la ukoo wa Dubu. Nilipewa nikiwa sina kitu. Nimelivaa miaka kumi na minane, sikulichafua. Leo nalivua." Akapumua. "Narudisha na vilivyokuja nalo. Narudisha kitanda cha Kawennase, apewe mwingine. Narudisha nafasi yake kwenye moto, apashwe joto mwingine. Narudisha shamba lake, alime mwingine."

Wathahine alijua kinachofuata. Alikuwa amekijua tangu nyumbani, alikijua Teyoswathe alipouliza, alikijua Wari alipouliza, na siku zote hizo alikuwa amekasirika mno kiasi cha kutokitazama. Mikono ilikuwa imejaa shanga. Mdomo ulikuwa umefungwa na neno lisilokatizwa. Alimtazama binti machoni na kumwambia kwa macho, ruka hapo, ruka, ewe mtoto, kwa mara moja maishani mwako kosea.

Kawennase alikuwa analia sasa, ila sauti haikutetemeka, maana ndivyo alivyofundishwa.

"Narudisha mama yake," alisema, "aitwe mama na mwingine."

Akaweka uzi wa jina juu ya zile tatu. Kisha akainama, akachukua kijiko chake kutoka kwenye kikapu cha chakula. Alikuwa amekwisha kukisugua kwa mchanga kikatakata. Akakilaza juu ya shanga, dubu akimtazama Wathahine.

"Na hiki ni cha ukoo," alisema. "Nimemaliza. Ahsante kwa kunisikiliza, mgeni."

Wanawake wakaitikia wote pamoja, kama inavyotakiwa. Wari akazichomoa nyuzi tatu nyeupe kutoka mikononi mwa Wathahine, polepole, akazifunga kwenye kitambaa, maana jua lilikuwa linasogea. Halafu mtu akainua jembe, na mstari ukaanza tena.

Tehoronyate alikuwa amesubiri mtoni na mtumbwi umepakiwa. Alimwona dada yake anashuka peke yake, kijiko mkononi, uzi umemzunguka vidole.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

Tehoronyate akashika kasia. Alikitambua kijiko, akatazama pembeni.

Walipoachia ukingo, wanawake walikuwa wamefika mwisho wa shamba, upande wa maji, na yule binti alikuwa wa kwanza kutoka kushoto, ameinama. Wathahine alimtazama anavyolima. Alikuwa anapandisha udongo mdogo mno, kama kawaida yake, na mara elfu alikuwa amemwambia kuhusu jambo hilo. Upepo ukija, mahindi yatalala. Alivuta pumzi ili apige kelele kama alivyopiga miaka yote, na jina likamfika kwenye ulimi, na hapo akakumbuka lipo mkononi mwake. Lilikuwa la mtoto mchanga. Halikuwa la mtu yeyote aliyesimama ukingoni.

Mtumbwi ulikuwa unateleza. Angeweza kuukubali ukimya, na kaka yake asingesema neno.

"Wakarita!" aliita.

Lilitoka vibaya, kwa kujikwaa, kama mtu anayekanyaga ngazi ya nyumba asiyoijua.

Binti aliinuka wima, akaweka mkono juu ya macho.

"Abee, mgeni!"

Wathahine alikaa na neno lile kifuani muda wa kasia mbili, tatu.

"Ongeza udongo kwenye mashina!" alisema. "Yataanguka!"

"Nitaongeza, mgeni! Safari njema!"

Na aliongeza. Wathahine alimwona akirudi mwanzo wa mstari, shina la kwanza, la pili, la tatu, akivuta udongo kwa mikono na kuushindilia kama alivyoagizwa, hadi mto ulipopinda.